Swichi Iliyofungwa Waya

Gatuanyaga, Thika
14 Januari 1957

Kwa Mkwe wangu, Bwana Gerishon Kagwe,

Nakusalimu kwa heshima anayostahili mtu aliyekuja nyumbani kwangu mchana pamoja na wazee wake, akaeleza haja yake kwa sauti ya chini, akapewa binti yangu. Namsalimu Mwongeli. Nawasalimu pia baba na mama yako, ambao pasi na vibali wanavyodaiwa watu wa kabila lenu siku hizi vimewazuia kuja kwetu. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto ambalo huihisi mvua kabla haijanyesha. Mbuzi wawili wamezaa. Kaburi la marehemu mama yenu Ndunge nililipalilia wiki ya Krismasi, na maua aliyoyapanda Mwongeli yameshika.

Barua yako ya tarehe 3 Desemba ilinifikia tarehe 8. Leo ni siku ya thelathini na saba. Naomba radhi, na wala sina udhuru wa ugonjwa au wa kukosa wino. Ukweli ni kwamba niliandika majibu mara tatu na mara tatu nikayachana, kwa sababu kila niliposoma nilisikia sauti ya mwalimu anayemkaripia mwanafunzi. Kwetu mtu hamkaripii mkwewe. Akiwa na neno zito humtafuta mtu wa katikati, akalibeba na kulifikisha likiwa limepoa. Nimetafuta hapa Gatuanyaga mtu wa katikati anayeijua winchi ya umeme, sikumpata. Hapa wanajua mbuzi. Basi nivumilie.

Nakupongeza kwa kukabidhiwa winchi. Lakini kuhusu hicho kiwanda cha kuchemsha mifupa, niwie radhi nikisema kwamba nilichukizwa. Nilifanya kazi ya ngozi mbichi hapa Thika miaka kumi na tisa, minne ya mwisho nikiwa kwenye winchi kama hiyo yako, na nilidhani hakuna uvundo uliobaki nisioujua. Uliponieleza jinsi mifupa ya machinjioni inavyofika na funza wake, ikatiwa katika kikapu cha chuma, ikateremshwa ndani ya tangi la maji yanayochemka, na jinsi ule mchuzi wa kijivu unavyoganda kwenye viatu vyenu hata mbwa wakawafuata njiani, niliweka bakuli langu la uji chini. Sikuumaliza.

Nakuandikia yale ninayoyajua. Asubuhi, kabla ya mzigo wowote, pandisha kulabu ikiwa tupu, polepole, mpaka juu kabisa, uone kama swichi ya juu inaisimamisha winchi yenyewe bila wewe kuachia kidole. Isipoisimamisha, siku hiyo hakuna kazi, hata mwenye kiwanda akija na kofia yake. Itazame kamba ya chuma yote, toka kwenye ngoma inayoizungusha hadi kwenye kulabu. Ipanguse kwa kitambaa wala si kwa kiganja, maana uzi mmoja uliokatika huchana kama wembe, na nyuzi kadhaa zikikatika mahali pamoja kamba hiyo haifai tena. Mzigo usivutwe kwa upande. Winchi huinua, haiburuti. Uinue kwanza kiasi cha upana wa kidole, usimame, utazame kama breki inashika, ndipo uendelee. Mtu mmoja tu akupe ishara ya mkono, lakini neno “simama” litiiwe hata likitoka kwa mpita njia. Usiende kunywa chai ukaacha mzigo unaning’inia. Asiwepo mtu chini ya mzigo, wala mkono wa mtu usiuguse ukiwa juu. Ukiyumba uongozwe kwa kamba ndefu, na mwenye kuishika akae mbali.

Sasa nalijia swali lako. Uliniandikia kwamba kikapu hakivuki ukingo wa tangi. Kwamba kikibakiza shubiri moja tu, swichi ya juu huikata winchi. Na kwamba nyapara wenu Gichuru amekuamuru upande ngazi uifunge swichi hiyo kwa waya isikate tena. Ukauliza kama pana madhara. Yapo. Swichi ile ndiyo inayoizuia kulabu isiigonge ngoma. Ikifungwa, mota haijui mwisho wake; itavuta hadi kamba ikatike, na kilicho chini kitaupokea mzigo. Nyapara wetu alifanya hivyo mara moja, na ngozi themanini zilizolowa zikaanguka. Kwa bahati zilimwangukia yeye. Hakuumia, lakini nakiri kwamba sikumwonea huruma mpaka Jumapili.

Dawa yake ni ndogo kiasi kwamba naona haya kuitaja kwa mtu mwenye akili zako. Minyororo minne inayokibeba kikapu ni mirefu mno. Ibadilishwe kwa mingine iliyo mifupi kwa shubiri mbili, wala isifungwe fundo, na isiwe mifupi kupita hapo, kwa sababu minyororo ikitanuka sana hulemewa. Kikapu kitavuka ukingo, na swichi itabaki na kazi yake. Kama ulikwisha kuifunga, ufungue waya huo leo.

Barua hii nampa Mama Ndila, ambaye kila Alhamisi hupanda gari la moshi na viondo vyake vya kusuka kwenda kuuza Ruiru. Ni mwaminifu, ila usimpe nafasi ya kukusimulia habari za goti langu.

Mimi mkweo,
Yoeli Mbaluka


Ruiru
2 Februari 1957

Kwa Baba Mkwe, Mzee Yoeli Mbaluka,

Salamu zako nimezipokea kwa mikono miwili. Mwongeli hajambo, na mimba imefika mwezi wa sita. Anatamani udongo wa kichuguu, na anasisitiza kwamba wa Ruiru hauna ladha, ni lazima utoke Gatuanyaga. Wazazi wangu wanakusalimu. Baba anauliza kama mbuzi waliozaa ni wale aliowasifu siku ya harusi.

Barua yako ilifika Alhamisi tarehe 17. Maneno yake yote ni mazuri na nimeyanakili katika daftari. Naomba radhi kukuarifu kwamba siku mbili kabla yake, Jumanne tarehe 15, palitokea ajali. Kamba ya chuma ilikatika na kikapu kikaanguka. Mwenzetu Wainaina, mtu ambaye hucheka peke yake, aliumia mkono wa kulia, akapelekwa hospitali ya huko Thika. Tumesikia mkono umekatwa chini ya kiwiko. Tunamwombea.

Kampuni imeshalimaliza jambo hili. Gichuru aliandika maelezo siku hiyo hiyo. Yanasema kwamba Wainaina alikuwa amekunywa pombe, kwamba alipanda ngazi mwenyewe bila ruhusa akaifunga swichi, na kwamba aliweka mkono mahali asipoambiwa. Wainaina ametia alama ya dole gumba, na mimi nimetia sahihi kama shahidi, kwa kuwa walihitaji mtu anayejua kuandika jina lake. Karatasi itaonyeshwa kwa Mkaguzi wa Viwanda atakapokuja kutoka Nairobi. Mtu aliyejiumiza kwa ulevi haandikwi tena kazini, kwa hiyo Wainaina hatarudi.

Nisingependa ulifikirie sana. Kamba mpya imefungwa. Minyororo pia imebadilishwa kama ulivyosema. Ilichukua nusu saa.

Pasi yangu hainiruhusu kufika Thika, ndiyo maana sijamwona Wainaina.

Barua hii nimempa dereva Munyao anayeleta magunia huko kila wiki.

Mwanao,
Gerishon Kagwe


Gatuanyaga, Thika
10 Februari 1957

Kwa Mkwe wangu, Bwana Gerishon Kagwe,

Nakusalimu, na Mwongeli namsalimu. Udongo wa kichuguu nimeuchimba mwenyewe na uko katika kifuko pamoja na barua hii. Mwambie atoe mawe kwanza. Mwambie baba yako kwamba mbuzi ni wale wale.

Naomba unisamehe kwa haya nitakayoandika, maana sitayaandika mara tatu. Barua yako nimeisoma, na kila nilipoisoma nimetoka nje kutema mate, tabia ambayo mke wangu alinikataza kwa miaka thelathini.

Nianze na uchafu wangu. Siku thelathini na saba. Mstari mmoja, “Fungua waya, badilisha minyororo,” ungekuwa mkononi mwako kabla ya Krismasi. Badala yake nilikaa hapa nikichagua maneno yasiyokuudhi, na hata nilipoyapata nikayaweka mwisho wa barua, nyuma ya mbuzi na goti. Umeniambia kazi yenyewe ilichukua nusu saa. Tangu nilipoisoma hiyo nusu saa, adabu yangu inanitia kichefuchefu. Naiona kama yale mafuta ya kijivu yanayoganda kwenye viatu vyenu.

Lakini karatasi ile inanichukiza zaidi. Barua yako ya tarehe 3 Desemba ninayo hapa mezani. Humo umesema ni nani aliyeamuru swichi ifungwe na ni nani aliyeambiwa apande ngazi. Jina la Wainaina halimo hata mara moja. Sasa linawezaje kutokea Januari, likiwa limelewa, juu ya ngazi?

Hiyo pombe ilinuswa na nani? Nieleze. Katika nyumba ambamo mifupa yenye funza inachemshwa tangu alfajiri, ni pua ya nani iliyobaki na uwezo wa kunusa pombe katika kinywa cha mtu? Na mtu ambaye mkono wake wa kulia umekwisha kusagwa, alitia dole lipi, saa ngapi, na ni nani aliyemsomea kabla hajatia? Wewe umesema kwamba uliitiwa kuandika. Hukusema kwamba uliitiwa kusoma.

Na kisanduku cha vifungo vya kuendeshea winchi, Jumanne ile, kilikuwa mkononi mwa nani?

Najua kwamba haifai kumuuliza mkwe namna hii. Naomba radhi kwa namna. Kwa maswali siombi. Nimekusudia kwenda hospitali kumwona huyo mwenzenu, nimpelekee uji, maana chakula cha huko nimekwisha kukionja wakati wa ugonjwa wa Ndunge.

Munyao amesimamisha lori barabarani na anapiga honi. Yeye ndiye atakayekuletea barua na udongo.

Mkweo,
Yoeli Mbaluka


Ruiru
9 Machi 1957

Kwa Baba Mkwe, Mzee Yoeli Mbaluka,

Nakusalimu kwa unyenyekevu. Nimechelewa kwa sababu ya kazi nyingi. Udongo ulifika salama, na Mwongeli anakushukuru. Alimaliza nusu siku ile ile. Mama yangu alikuwa na homa lakini sasa anatembea.

Nimeyasoma maswali yako. Kuhusu pua ni kweli, mimi mwenyewe sinusi kitu tangu mwaka jana. Kuhusu kisanduku cha vifungo, hapa watu wengi hukishika, kwa zamu.

Naomba uelewe jinsi tunavyoishi. Gichuru ananiita “Mkwe wa Mkamba” mbele ya watu. Alipoona daftari nililonakilia mashauri yako alilisoma kwa sauti wakati wa chakula, kisha akasema, “Kagwe, mwandikie baba mkwe wako umuulize kama tunaruhusiwa kwenda choo.” Wote walicheka. Hayo si kitu, nayavumilia. Lakini Gichuru ndiye anayepeleka ofisini majina ya wanaofaa kubaki hapa. Mtu akiandikwa vibaya, pasi yake haitiwi muhuri, anapakiwa katika lori na kurudishwa rizavu tulikotengewa kukaa, yeye na mkewe, hata kama mkewe ana mimba ya miezi saba. Nimewaona waliopakiwa. Wewe kwa kabila lako hujaliona lori hilo kutoka ndani.

Mkaguzi atakuja Alhamisi tarehe 28 mwezi huu, saa nne asubuhi. Ataisoma karatasi, kisha atamuuliza shahidi. Nitasema kama ilivyoandikwa. Naomba usinifikirie vibaya.

Kwa upande wa heri, tumepewa chumba kikubwa kwenye laini za nyumba za wafanyakazi, chenye dirisha la kioo. Mtoto atazaliwa mahali penye mwanga.

Barua hii italetwa na Mama Ndila.

Mwanao,
Gerishon Kagwe

Baba, ni mimi Mwongeli. Nimepewa barua niifunge, nikaona pamebaki nafasi hapa chini. Chumba chenye dirisha ni cha Wainaina. Mkewe Waceke alitolewa Alhamisi na watoto watatu, wakaenda kwa dada yake Gatundu kwa miguu. Gichuru alisimama mlangoni akila muwa, akitema makapi juu ya godoro lao. Mimi sijaingia. Siku ya tatu leo nimekaa nje juu ya sanduku langu, usiku nalala kwa jirani. Gerishon ananizunguka akisema, “Ingia, watu wanatutazama.” Nimemwambia waache watazame, mimi pia nawatazama. Baba, mwambie neno. Najua una maneno mazuri mengi. Safari hii tafuta mabaya.


Gatuanyaga, Thika
24 Machi 1957

Gerishon,

Nakusalimu. Mwongeli namsalimu hapo nje juu ya sanduku. Kama ameshaingia ndani, salamu zangu zimngoje nje. Mama yako nafurahi kwamba amepona. Mimi ni mzima. Siku kumi na tano zimepita tangu uandike, na safari hii nimechelewa kwa makusudi, kwa kuwa nilikuwa namngoja mchukuzi wa barua hii.

Nimekwenda hospitali mara nne. Mara ya kwanza nilimkuta Wainaina amekaa kitandani akicheka peke yake, kama ulivyosema. Nilipomwambia kwamba mimi ni mkwe wa Gerishon, uso wake ulifunguka.

“Gerishon wa winchi! Keti, Mzee, keti hapa upande wa kulia. Sasa hivi pana nafasi.”

Nikampa uji. Nikamuuliza ilikuwaje.

“Kikapu kilikuwa kimejaa kupita siku zote,” akasema. “Kikakwama chini ya ukingo. Gerishon akasimamisha. Gichuru akapiga kelele, ‘Winchi si bibi harusi, haibembelezwi! Vuta!’ Gerishon akavuta. Mimi nakisukuma kwa mkono kivuke. Nikasikia huko juu kama mtu anavunja kuni. Halafu ule mchuzi, Mzee. Mkono siusemi, ulikufa mara moja. Ule mchuzi ndio ninaouota. Uliniingia kinywani.”

Nikamuuliza kuhusu swichi ya juu.

“Kile kidude cha waya? Gerishon alikifunga, mimi nikimshikia ngazi. Siku mbili alikataa, lakini unamjua Gichuru? Basi humjui, una bahati. Kwani kilikuwa cha kazi gani?”

Nilimweleza. Aliutazama mkono wake usiokuwepo, kisha akasema, “Kumbe.”

Niliomba radhi, nikamuuliza kama siku hiyo alikuwa amekunywa.

“Mimi? Mzee, Waceke angeukata mkono huu zamani, kampuni isingeukuta.”

Na nilipokuwa nasimama kuondoka, alinishika nguo. “Gerishon ni mtu mwema, umwambie. Niliwekwa juu ya lori, natetemeka, wakaleta karatasi ya kuniingiza hospitali. Wakasema bila dole sipokelewi. Kidole hakitulii. Ndiye aliyenishika hiki cha kushoto akakibonyeza kwenye wino taratibu, na machozi yanamtoka. Umwambie nimeshukuru.”

Nimekuambia sasa. Ameshukuru.

Nilitoka, nikazunguka nyuma ya wodi, nikatapika. Mimi ni mtu wa ngozi mbichi. Nimeshika matumbo, nimechota mashimo ya chokaa, na katika miaka kumi na tisa sikutapika hata siku moja. Nilitapika kwa sababu mkono uliokishika kidole kile ndio ulioushika wa binti yangu mbele ya mchungaji, na mimi nikiwa mstari wa mbele nimevaa koti la kuazima. Naomba usidhani kwamba nalisema hili ili likuumize. Nalisema kwa sababu ndivyo ilivyotokea, na nimechoka kuchagua.

Umesema kweli kwamba sijaliona lori la rizavu kutoka ndani. Hofu yako siidharau. Gichuru angenitisha hata mimi. Ungeogopa, ukabonyeza kifungo kwa kuogopa, ukalia, ningelia pamoja nawe, kwa sababu kuchelewa kwangu kulikuwa pale pale kwenye kisanduku pamoja na kidole chako. Lakini baada ya hapo ulikuwa na muda. Ulikuwa na muda wa kusoma karatasi. Ulikuwa na muda wa kumdanganya mtu ambaye mfupa wake unaonekana. Umekuwa na wiki tisa, na katika wiki hizo umepokea chumba chake. Umeniandikia habari za kioo cha dirisha. Sijui kama umewahi kutazama nje kupitia humo ukamwona mkeo alipokaa.

Alhamisi tarehe 28 nitakuwa kwenye lango la kiwanda saa tatu. Mimi sihitaji pasi. Barua yako ya tarehe 3 Desemba nitakuwa nayo katika mfuko wa koti. Ningeweza kumpelekea Mkaguzi bila kukuarifu, lakini nataka useme wewe kwanza, kwa kinywa chako: ni nani aliyeamuru, ni nani aliyepanda, ni nani aliyevuta, na dole lile lilipatikanaje. Usiposema, nitaitoa. Naomba radhi leo, kwa kuwa siku hiyo sitaiomba. Ukisema, nitaitoa vilevile, maana inaonyesha kwamba ulisita na ukauliza kabla mtu hajaumia. Katika jambo hili lote ndicho kitu safi ulichokifanya, na nitasimama mbele ya Mzungu yeyote nikishuhudia kwamba uliniuliza mimi, na mimi nikachelewa.

Wakiwafukuza, nyumba yangu ina vyumba viwili, kimoja kinavuja. Kibali tutakiomba, na tukinyimwa tutaomba tena. Siahidi kwamba mtakipata. Naahidi kwamba nitakwenda ofisini kila siku na goti hili.

Namalizia na mchukuzi. Barua hii inaletwa na Wainaina mwenyewe. Ameruhusiwa kutoka hospitali asubuhi hii, na daktari amemwandikia karatasi ya njia hadi Ruiru. Hajui kusoma. Yaliyoandikwa juu ya dole lake sikumwambia, na habari za mkewe na chumba sikumwambia pia. Mara nne nilifungua kinywa nikakifunga, na hilo nitalijibu mimi. Nimemwambia tu kwamba barua inahusu mkono wake na kwamba wewe utamsomea yote, tangu salamu hadi jina langu, bila kuruka neno. Amefurahi kusikia kwamba ni wewe. Hatapotea njia, kwa kuwa anakuja moja kwa moja kwenye mlango anaoujua kuwa ni wake. Mpe kiti, kisha uanze.

Yoeli Mbaluka